Ugonjwa Ulioandikwa kwa Jina Langu

Tarishi wa shule alinipa barua yangu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa mtegoni. Bahasha ilikuwa imeshafunguliwa. Nilikuwa uani kwetu Temeke nikipepeta mchele, mama ameinamia jiko. Nilimwamkia tarishi shikamoo, akaitikia huku ameshanipa mgongo, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Barua yenyewe ilikuwa fupi, imepigwa chapa kwa Kiswahili cha ofisini. Ilisema Idara ya Elimu imelitazama ombi langu la kuingia chuo cha walimu wa kike huko bara, na kwamba sikukubaliwa, kwa kuwa uchunguzi wa afya umeonyesha nina dalili za ukoma. Nihudhurie dispensari iliyo karibu nami kila Jumamosi kwa matibabu. Chini ya sahihi kulikuwa na mstari mmoja zaidi: mwombaji asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwa maandishi, kwa Afisa Elimu wa Jimbo, kabla ya siku thelathini kwisha.

Nilimsomea mama. Alipolisikia lile neno aliangusha upawa.

"Jedhamu?" alisema. Sisi watu wa pwani ndivyo tulivyouita. "Wewe? Wapi? Nionyeshe ni wapi!"

Akanivuta chumbani, akanivua ushungi, akanigeuza huku na huku kama nguo inayotafutwa tundu. Masikio, mgongo, viwiko, nyayo. Hakuona kitu kwa sababu hapakuwa na kitu. Mimi nilisimama tu nikimwacha anikague. Nilikuwa nimeshaelewa mambo yalivyokwenda.

Siku ya kupimwa tulikuwa wasichana wawili tu kutoka upande wetu: mimi na mwenzangu niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu. Baba yake alikuwa dresa, yaani mtu aliyefunga vidonda na kugawa dawa, na ndiye aliyeiendesha dispensari ya Temeke. Walikuwa Wakristo, watu wa bara, na nyumba yao ya serikali ilikuwa ya bati na sakafu ya saruji, wakati yetu ilikuwa ya udongo na makuti. Hilo halikutuhusu. Nilikula kwao, naye alikula kwetu. Tulikwenda shule mjini pamoja kwa miguu kupitia Keko, tukarudi pamoja, na kwa miaka mitano sikuwa na siri niliyomficha.

Yeye alikuwa na baka nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, ukubwa wa kifuniko cha chupa, rangi imepauka. Katika somo la kushona alikuwa akituchekesha nalo. Mwalimu akitoka nje, alichukua sindano akajidunga palepale katikati ya baka, huku anatutazama machoni bila kupepesa.

"Mnaona? Mie jiwe," alisema.

Tulipiga kelele tukacheka. Nadhani mimi nilicheka kuliko wote. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua kwamba ngozi isiyosikia sindano ina jina lake hospitalini.

Siku hiyo ya kupimwa, daktari wa Kizungu alikuja na gari, ana haraka. Tulisimama mbele yake mikono ya nguo imekunjwa mpaka mabegani. Alitutazama macho, akatutazama meno, akatupindua mikono. Kwangu hakukaa. Kwa mwenzangu alisimama. Alichukua kipande cha pamba, akamwambia afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Alionyesha begani, akaonyesha kiganjani. Pamba ilipopita juu ya baka, hakuonyesha kitu. Daktari akamwambia dresa kwa Kiingereza, bila kuinua kichwa, kwamba aandike kwenye karatasi ya msichana huyu. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini hicho nilikielewa.

Dresa alikuwa amesimama mezani na karatasi zetu mbili. Nilimwona akiitazama ya juu, akaifunua akaitazama ya chini. Kalamu ilibaki hewani. Kisha akaiondoa ya juu, akaiweka kando, akaandika katika ile ya chini. Daktari alitia sahihi zote mbili bila kuzisoma, akajifuta mikono kwa spiriti, akaondoka. Mimi wakati huo nilikuwa nikiwaza safari ya treni. Sikuwahi kupanda treni.

Baba alirudi jioni. Kazi yake ilikuwa katika ghala la ngozi karibu na bandari: kukwangua ngozi mbichi, kuzipaka chumvi, kuzipanga zisafirishwe Ulaya. Harufu ya ghala ilimtangulia mlangoni kila siku, na kila siku alioga nyuma ya nyumba kabla ya kumgusa mtu. Siku hiyo nilimsomea barua kabla hajaoga. Nilimweleza na habari ya karatasi mbili.

"Mtu hukosea," alisema baada ya kufikiri. "Karatasi zinafanana. Nenda Jumamosi kama barua inavyosema, umweleze kwa adabu. Atarekebisha. Ni baba wa mwenzio."

Basi Jumamosi nikaenda. Dresa aliwatoa wagonjwa wengine kwanza, akafunga mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alikwenda kwenye beseni akanawa mikono, ingawa hakuwa amenigusa. Alinuka sabuni ya dawa. Ni harufu ambayo mpaka leo siivumilii.

"Baba, nadhani karatasi zilichanganyika," nilisema.

"Hazikuchanganyika."

Alilisema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani. Kisha akaketi, akanieleza yote, wala hakuficha. Angeandika jina la binti yake, binti angepelekwa kambi ya wagonjwa wa ukoma, kwa kuwa mgonjwa haruhusiwi kulala katika nyumba za serikali, na mama yake asingeishi baada ya hapo. Nyumba ya serikali ingeondoka, na huenda kazi pia. Lakini mimi sikuwa na kitu mwilini, kwa hiyo mimi nisingedhurika.

"Wewe njoo kila Jumamosi," alisema, "utie sahihi kwenye kitabu, uende zako nyumbani. Dawa ina mtu wa kuitumia. Nitamtumia hukohuko chuoni. Ni vidonge vipya hivi, vinaponyesha. Mwaka ukiisha nitaandika kwamba umepona, na barua ya kukusifia chuoni nitaiandika mimi mwenyewe. Utakuwa umechelewa mwaka mmoja tu. Mwaka ni nini kwa mtoto kama wewe?"

"Na watu, baba?"

"Watu gani?"

"Watu wa mtaani."

"Watu husema, wakachoka."

Nilimuuliza kwa nini mimi. Alitazama dirishani, akasema bila ubaya, kama anayenifundisha jambo: "Baba yako anashika ngozi. Nani angeuliza umeutoa wapi?"

Kumbe alikwisha kupima. Katika ule muda ambao kalamu ilikuwa hewani, alikuwa amefikiri juu ya harufu ya baba yangu na kuona kwamba inafaa.

Kisha akaanza kulia. Mtu mzima, mwenye koti jeupe, mtu ambaye mama yangu alimpelekea futari kila Ramadhani ijapokuwa yeye hakufunga. Machozi yake yalinichukiza kuliko maneno yake, maana yalikuwa ya kweli. Alimpenda binti yake. Nami nilimpenda. Katika mawazo nilimwona mwenzangu akishushwa kwenye lori mbele ya lango la kambi na sanduku lake. Nikaichukua kalamu nikatia sahihi.

Nyumbani nilisema tu kwamba dresa anasubiri jibu la daktari. Ndio uongo wa kwanza mkubwa niliowahi kumwambia baba yangu, na aliuamini.

Juma lile halikuisha kabla Temeke nzima haijajua. Sijui kama ni tarishi au ni mtu aliyeniona nikiingia Jumamosi. Mama muuza vitumbua, ambaye nilikuwa nikinunua kwake tangu sijaota meno ya utu uzima, aliweka kitumbua changu juu ya jani, akaliweka jani chini, akalisogeza kwangu kwa kijiti. Shangazi alikuja kutoka Msasani kutupa pole. Alisimama uani akiwa amekusanya baibui lake lisiguse kitu. Mama alimletea kigoda, akasema amechoka kukaa. Alimletea maji, akasema amefunga. Haukuwa mwezi wa kufunga, wala Jumatatu, wala Alhamisi. Kabla ya kuondoka alimuuliza mama, mimi nikiwa nasikia, kama nimeshatengewa pa kulala.

Baba naye alirudi siku moja kabla ya adhuhuri, hana harufu. Msimamizi wa ghala alimwambia asije tena mpaka binti yake apone, kwa kuwa mzigo ule unakwenda Ulaya. Nilizijua ngozi zile. Niliwahi kumpelekea baba chakula nikaziona: nyingine zina funza, nyingine zimeoza kingo mpaka zinateleza mkononi. Zote hizo zilionekana safi kuliko baba yangu.

Mwenzangu hakuja kwetu. Baba yake alimkataza. Alinitumia kikaratasi kwa mkono wa jirani: "Shoga yangu, pole sana. Usikate tamaa. Nakuombea kila siku." Nilikisoma nikakitupa jikoni, nikakitazama kikiungua. Hakujua. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba hakujua na alikuwa akiniombea kwa moyo safi. Dresa alikuwa amenieleza kwamba yeye ameambiwa vidonge anavyomeza ni vya kuongeza damu kabla ya safari.

Jumamosi ya pili nilitia sahihi tena. Safari hii dresa hakulia. Alinisogezea kitabu huku anaongea na mtu mwingine dirishani, kana kwamba jambo limeshakuwa la kawaida. Nilitazama mstari wangu: jina langu, jina la baba yangu, ugonjwa, idadi ya vidonge, na mwandiko wangu mwenyewe pembeni ukikubali. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Ndio uliosifiwa shuleni. Niliuona pale nikauchukia.

Jumapili iliyofuata walimfanyia mwenzangu karamu ndogo ya kumuaga, na yeye mwenyewe alishikilia kwamba lazima niitwe. Mama hakutaka niende. Nilikwenda. Nilivaa gauni langu la shule lililofuliwa, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango, ambako palikuwa pameachwa nafasi kubwa. Kulikuwa na watu wa kanisani kwao, makarani na wake zao, na mwalimu mmoja. Mwenzangu alikuja akataka kunikumbatia. Mama yake akamshika bega, akamwambia akatazame maandazi.

Chai ililetwa katika vikombe vya udongo vyenye maua, vilivyokaa kwenye visahani. Nilivijua. Nilivinywea miaka mitano. Mke wa dresa aligawa kwa zamu, mtu kwa mtu, akanifikia. Mimi hakunipa kikombe. Alinipa kopo, kopo la maziwa lililokatwa mdomo, ambalo kingo zake zilikuwa bado na meno.

"Samahani, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kutosha wote wasikie. "Unaelewa hali yako. Ukimaliza, ondoka nalo tu."

Yule mwalimu alitikisa kichwa kwa kuonyesha kwamba limefanywa jambo la busara.

"Mama, jamani!" mwenzangu alilia. "Aibu gani hii?"

"Nyamaza. Ni kwa ajili ya afya za watu."

Nilimtazama mke wa dresa usoni. Alijua. Macho yake hayakunifikia, yaliishia kidevuni. Sikunywa. Nilikaa na lile kopo la moto mapajani nikatazama watu wakila. Mwenzangu alimaliza chai yake akakiweka kikombe kwenye sinia pamoja na vingine. Hapo nikamwona mama yake akija, akikitoa kikombe kile kimoja katikati ya vyote kwa kitambaa, akakipeleka jikoni peke yake.

Nimechukizwa na mambo mengi maishani, lakini sijapata kurudia kujisikia vile. Walikuwa wanamwogopa mtoto wao wenyewe kisirisiri, huku wananitenga mimi hadharani ili uongo wao ukae vizuri. Nami nilikuwa nimewasaidia kwa sahihi mbili. Niliinuka, nikaaga, nikatoka na kopo langu kama nilivyoagizwa. Nilipofika kwenye shamba la mihogo njiani nililitupa, kisha nikainama nikatapika.

Nyumbani niliwaambia baba na mama ukweli wote: kalamu, machozi, kitabu, vidonge. Mama alikaa chini. Baba alikuwa anakarabati mlango, akaendelea kushika nyundo bila kugonga.

"Nataka kuandika rufaa," nilisema.

"Ukiandika watamchukua mwenzio," alisema mama. "Wataleta lori. Umekwisha kuliona lori lile? Wanakaa nyuma, wamefungiwa. Na mtoto mwenyewe hana kosa."

"Mimi ninalo kosa gani, mama?"

"Huna. Ndiyo maana nasema unaweza kustahimili."

Sikumlaumu mama wakati ule, wala simlaumu sasa. Alikuwa amemlisha msichana yule kwa mkono wake. Lakini neno hilo lilikuwa lilelile la dresa, na kulisikia kinywani mwa mama kuliniumiza zaidi.

Baba aliweka nyundo chini.

"Wangekuja hapa," alisema, "wakakaa hapa, wakasema ndugu zetu, tumepatwa, tusaidieni, mtoto wenu achelewe mwaka. Pengine tungekubali. Mie ningekubali. Hawakuja. Walichukua kwanza, ndipo wakakuomba unyamaze." Akajitazama viganja. "Mie nanuka, mwanangu, najua nanuka. Lakini naoga, harufu inatoka. Hili ulilopakwa wewe utalioga na nini?"

"Na mwenzake?" aliuliza mama.

"Mwenzake ni mgonjwa, mke wangu. Mgonjwa anaficha ugonjwa mpaka lini?"

Katika zile siku thelathini za rufaa zilikuwa zimebaki chache. Nje ya ofisi za mjini walikuwapo waandishi wa barua, wenye mashine zao na maneno yao ya "mimi mtumwa wako mnyenyekevu", na mama alitaka tumtafute mmoja. Nilikataa. Nilichukua karatasi ya daftari nikaandika kwa mkono. Niliandika kwamba nimesoma barua ya kunikataa na siridhiki. Kwamba sina baka lolote mwilini. Na kwamba naomba kupimwa na daktari mwingine, katika hospitali nyingine, ambako hakuna anayenijua. Jina la mwenzangu sikuliandika. Niliandika upya mara nne, na kila mara nilifika mahali ambapo jina lake lingekaa, nikaparuka.

Tulikwenda na baba kwa miguu mpaka ofisini. Karani aliponiuliza jina alilitambua, akaniambia niiweke barua juu ya meza, si mkononi mwake. Nyuma yake picha ya Mfalme wa Uingereza ilikuwa imening'inia ukutani. Niliiweka. Aliivuta kwa rula.

Mwenzangu aliondoka na treni katikati ya juma lile. Sikwenda stesheni.

Niliitwa hospitali kubwa ya mjini baada ya majuma kadhaa. Daktari safari hii alikuwa Mhindi mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipima kwa muda mrefu, na pamba, na sindano, akanifinya masikio na mishipa ya viwiko. Kila aliponigusa, nilisema. Alipomaliza aliniambia nivae, akakaa, akavuta kitabu nilichokijua, kile cha dispensari ya Temeke.

"Huna kitu," alisema. "Sahihi hizi ni zako?"

"Ndiyo, daktari. Mbili hizi. Hizi za baadaye si zangu."

Zilikuwapo nyingine baada ya zangu, mwandiko unaoiga wangu vibaya.

"Vidonge ulimeza?"

"Hapana."

"Viko wapi?"

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Dawa hii haichezewi," alisema. "Mtu akiimeza bila damu yake kutazamwa, inaweza kumdhuru. Kuna mtu anaimeza. Ni nani?"

"Mtampeleka kambini?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apone. Siku hizi wanapona, wakiwahiwa. Asiyewahiwa, vidole vinakwenda, na hapo hata mimi sina la kufanya."

Barua yangu ya rufaa ilikuwa mezani mbele yake. Nilikuwa nimeiandika kwa uangalifu wote ule ili nisimtaje mtu, na sasa niliona ilikuwa hila ya mtoto. Nilipokata rufaa nilikuwa nimeshamtaja. Nilitaka tu mtu mwingine alitamke jina lake. Nikalitamka mwenyewe. Lilitoka kirahisi, na urahisi wenyewe ulinitia kinyaa.

Walimtoa chuoni na kumpakia treni katika chumba cha peke yake, mtu mmoja mlangoni kumlinda kama mwizi. Hakuletwa nyumbani kwao. Baba yake hakufungwa. Alihamishwa tu, akapelekwa dispensari nyingine mbali bara, akaendelea na koti lake jeupe. Asubuhi walipopakia vyombo kwenye lori, mkewe alisimama mbele ya nyumba yetu, akaniita kwa jina, akasema Mungu anaona. Nilimjibu kwamba ndiyo, anaona. Ndilo neno pekee la jeuri nililowahi kumjibu mtu mzima, na mama alinipiga kofi kwa ajili yake.

Hapakuwa na aliyetuomba radhi. Msimamizi wa ghala alimrudisha baba kazini kana kwamba alikuwa safarini. Shangazi alirudi kutoka Msasani, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, akanywa na chai, akasema tangu mwanzo moyo wake ulikataa. Mama muuza vitumbua akanitilia kimoja cha ziada. "Tulijua ni uongo tu," alisema. Nilikiacha palepale.

Jibu la rufaa likaja. Lilisema rufaa yangu imekubaliwa, na kwa kuwa imepatikana nafasi moja wazi katika mwaka huuhuu wa masomo, niripoti chuoni mara moja. Niliisoma barua hiyo mara mbili kabla sijatambua nafasi yenyewe ni ipi. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilitoka nikakaa nyuma ya nyumba, mahali baba anapoogea.

Ningependa kusema nilikataa. Nilifikiri kukataa kwa siku mbili nzima. Niliwaza kuandika barua nyingine, nzuri kuliko ya kwanza, ya kuwaambia waiweke nafasi yao. Lakini kukataa kusingemtoa mwenzangu kambini, na Temeke nzima ingesema nimekataliwa tena. Nilikwenda. Treni niliyokuwa naiota niliipanda nikiwa na kichefuchefu mpaka mwisho wa safari.

Kitanda walichonipa kilikuwa chake. Godoro walikuwa wamelichoma, blanketi lilikuwa jipya, lakini kitanda kilikuwa kilekile, na wasichana wa pande zote mbili walikuwa wamevuta vya kwao mbali. Mwalimu mkuu alitukusanya akatuhutubia juu ya usafi. Mwaka wa kwanza haikupita siku bila mtu kunikumbusha, kwa jicho au kwa hatua moja nyuma. Nilisoma, nikafaulu, nikarudi pwani kufundisha darasa la kwanza Temeke.

Huko ndiko mwenzangu alikonikuta. Uingereza ilikuwa bado inatutawala, ingawa mikutano ya siasa ilikuwa imeanza na baba hakukosa hata mmoja. Asubuhi ya kuandikisha watoto, alisimama mbele ya meza yangu na mdogo wake wa mwisho, msichana wa miaka saba. Alikuwa amenenepa kidogo. Vidole vyake vyote vilikuwapo. Alikuwa anakaa Kinondoni kwa mama yake mdogo, na mtoto angekaa Temeke kwa mjomba.

Tulitoka nje kwenye kivuli cha ukuta.

"Niliambiwa kambini kwamba wewe ndiye uliyesema," alianza.

"Ndiyo."

"Ulifanya vizuri. Kule niliwaona waliochelewa."

Nilitaka kushukuru, akainua mkono.

"Lakini siku ile ya chai ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukakaa pale. Ukaniacha nikuonee huruma mbele za watu. Majuma mangapi, shoga? Uliandikia serikali. Ulimwambia daktari usiyemjua. Mie nilikuwa mwendo wa dakika tano."

"Nilifikiri nakulinda."

"Baba naye alifikiri hivyohivyo," alisema.

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo kwa muda mrefu, kitandani, mahali pasipokuwa na kazi nyingine. Nilijisikia nimewekwa kwenye benchi moja na yule dresa, na harufu ya sabuni ya dawa ikanijia puani. Niliwahi kujiambia kwamba uchafu wa jambo lile ulikuwa wote wa kwao na mimi nilipakwa tu. Siku hiyo niliona ninao wangu.

"Nafasi ya mtoto ipo?" aliuliza.

"Ipo."

Tukarudi ndani. Nilimwandika mdogo wake kwenye daftari la darasa, yeye akiwa amesimama pembeni yangu akihakikisha sijakosea herufi za jina la ukoo. Kisha akamfunga mtoto kamba ya gauni vizuri, akamwambia asikie maneno ya mwalimu, akaondoka. Mtoto alilia mpaka saa ya mapumziko. Nilimweka dawati la mbele, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa anajua kusoma, ila hesabu zilimshinda kabisa.